Mtego wa Tatu

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba umegoma tena kuvaa kile kifaa cha masikio, eti kinakufanya uwasikie majirani wakikusengenya. Haya, naandika. Kalamu yangu imekauka, hii nimeazima. Mimi mzima, chumba kipya hakivuji, mafua yameniacha. Mwambie mama sweta imenitosha, mikono tu ndiyo mirefu, sijui alikuwa anamfumia nani. Mguu wake unaendeleaje na baridi ya huko? Nikimwuliza mwenyewe ananijibu "upo", kana kwamba nilidhani umehama.

Sasa kazi. Najua utacheka: nimeishia kwenye lifti. Miaka yote ulikuwa unanifukuza chumba cha mota, nenda kasome, nenda kasome. Nimesoma, na masomo yamenirudisha kulekule. Kampuni yetu inatunza programu zinazoendesha lifti tatu za hospitali moja ya ghorofa nane. Enzi zako za ufundi wa lifti kulikuwa na kabati limejaa swichi zinazogonga tiki-taka. Siku hizi ni kompyuta, na kila lifti ina programu yake inayoamua iende wapi. Sasa lifti ya pili imeingiwa na wazimu. Inasimama ghorofa ya nne, inafungua milango, na hakuna aliyeita. Wauguzi wanasema ni jini. Mkuu wangu wa kazi kasema jini hilo ni langu.

Mara ya mwisho uliniuliza mtu anatengenezaje kitu kisichoshikika, tena kikiwa kazini. Ngoja nikueleze, maana mtu mwingine wa kumweleza sina, wenzangu wote wanajua. Tuna programu nyingine tunayoiita dibaga. Mimi naiita mkaguzi. Mkaguzi hana ubavu wake mwenyewe. Anakwenda kwa mfumo mkuu wa kompyuta, ule unaotawala programu zote, anaomba: naitaka ile ya lifti ya pili iwe mikononi mwangu. Mfumo ukikubali, unaigandisha. Haijafa, Mjomba, imesimama mguu mmoja juu. Hapo mkaguzi anasoma kila inachokumbuka: inadhani iko ghorofa gani, inadhani nani kaita, ilikuwa inataka kufanya nini. Anaweza hata kuibadilishia mawazo. Akisema "hatua moja", inapiga moja, inaganda tena.

Lakini programu ina hatua maelfu kwa maelfu. Ukiitembeza mojamoja utazeeka nayo. Kwa hiyo tunatega. Unachagua mahali unapopashuku, mkaguzi anang'oa kipande cha amri kilichopo hapo, anakitia mfukoni, na mahali pake anaweka amri moja tu: simama. Programu inakimbia zake, haina habari. Ikifika pale na kukanyaga "simama", mfumo mkuu unaigandisha na kumwita mkaguzi, njoo, mtu wako kanaswa. Ukishaangalia ulichotaka, anakirudisha kile kipande, anairudisha programu nyuma kidogo ili isiiruke amri yake halisi, anaipigisha hatua hiyo moja, anatega upya, ndipo anaiachia.

Jumamosi asubuhi lifti ya pili itafungwa kwa wagonjwa. Mimi nitakuwa mezani kwangu huku mjini, na mwangalizi wa lifti wa hospitali atakaa ndani akinibonyezea vitufe. Ni mzee mmoja mcheshi, wanamwita Panda-Shuka. Anasema ana miaka kumi na tisa kazini, amepandishwa kila siku na kushushwa kila siku.

Mpwa wako,
Maswali

21 Februari

Mpwa wangu Maswali, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa miwani. Huku hatujambo. Kuku wa mama yako wamefika tisa, na mlango wa banda haufungi, basi wanaingia jikoni kama wapangaji. Nimeahidi kuutengeneza. Mama yako anasema ahadi zangu ni kama lifti mbovu, taa inawaka na haiji. Mguu unamsumbua asubuhi tu. Sweta usimlaumu, vipimo nilimpa mimi.

Ulichoeleza nimekielewa kuliko unavyodhani. Sisi pia tulikuwa na mtego wetu. Lifti haitembei mlango ukiwa wazi, kuna kiungo cha umeme pale mlangoni kinachoikatalia. Sasa ukitaka kujua kama kosa liko mlangoni au kwenye mota, unachukua kipande cha waya, unaunganisha kule chumba cha mota, unaidanganya kwamba mlango umefungwa. Inatembea, unaona, unajua. Wangu ulikuwa mwekundu, mrefu kama shubiri.

Nina swali moja na unijibu kwa kirefu. Mkaguzi akiondoka, mtego anautoa nani? Umesema kipande cha amri kiko mfukoni mwake. Je, akiondoka na mfuko wake?

Mjomba

10 Machi

Mjomba, shikamoo tena na tena, leo nina furaha.

Jini nimelikamata! Ilituchukua Jumamosi mbili. Masikini Panda-Shuka, alikaa ndani ya kile chumba masaa manne kila mara, simu sikioni, mimi namwambia bonyeza tano, bonyeza nane, na yeye ananijibu "ndiyo mkuu" kama askari. Alibeba mpaka kigoda chake. Niliweka mitego mitatu. Wa kwanza pale inapopokea wito, wa pili pale inapochagua ghorofa, wa tatu kwenye sehemu isiyotumika ila umeme ukikatika na kurudi. Wa pili ndio ulionasa. Ikaganda, nikasoma inachokumbuka, ndipo nikaona kituko: sehemu moja ya programu inahesabu ghorofa kuanzia moja, nyingine inaanzia sifuri. Wito wa ghorofa ya tano ndio pekee unaopitia zote mbili, basi mtu wa tano akiita, jamaa anasimama ya nne kwa heshima zote. Aliyeandika hivyo ameshahamia kampuni nyingine, amekula kona.

Dawa yake nimeshaiandika. Hospitali imetupa tarehe kumi na tano Aprili kuizima programu ya zamani na kuweka mpya, kabla ya hapo hawataki iguswe. Wacha jini lao liwafungulie milango mwezi mmoja zaidi, halimdhuru mtu.

Swali lako. Mkaguzi ni mstaarabu. Ukimuaga vizuri, kabla ya kuiachia programu anarudisha vipande vyote mahali pake, kisha ndiyo anaondoka. Jumamosi ya pili mtandao ulikwama, skrini ikaganda kabisa, nikamuua mkaguzi kwa nguvu bila kumuaga, nikafunga kompyuta. Lakini kazi ilikuwa imekwisha, mitego miwili ya kwanza nilikuwa nimeshaitoa, na lifti ikaendelea kutembea kama kawaida.

Swali lako limenikumbusha saa yako. Kila ulipopanda chumba cha mota ulikuwa unavua saa ya mkono na kuitundika kwenye msumari, palepale ulipoweka waya. Na wanafunzi wako uliwalazimisha: hushuki bila saa, na saa huichukui kabla ya waya. Mimi nilidhani unaogopa saa ipigwe shoti. Ulianza lini desturi hiyo?

Mama anaendeleaje? Na mlango wa banda?

Maswali

24 Machi

Mpwa wangu,

Tumepokea barua. Mama yako mzima, jana amekwenda sokoni na kurudi kwa miguu, nikamgombeza, akanigombeza. Mlango wa banda bado. Nimeshapata msumari, sijapata siku.

Hongera kwa jini.

Ule mtego wa tatu uliutoa?

Mjomba

6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Najua nimekaa kimya, na najua umemwuliza mama kila Jumapili kama nimepiga simu. Mimi mzima wa mwili. Mama amenisimulia kuhusu vifaranga walioanguliwa. Sweta nimeivaa leo.

Barua yako ya Machi ilinifika tarehe tano Aprili. Ilichelewa siku tatu.

Nakuambia mapema usije ukasoma kwa pupa: mtoto ni mzima. Tarehe mbili umeme wa hospitali ulikatika. Jenereta ikawaka, kila kitu kikarudi, na programu ya lifti ya pili, ambayo kompyuta yake ina betri na haikuzimika, ikaingia kwenye ile sehemu isiyotumika ila umeme ukirudi. Mtego wa tatu ulikuwa hapo. Nilipomuua mkaguzi kwa nguvu hakupata nafasi ya kurudisha chochote, alikufa na mfuko wake, kama ulivyouliza. Programu ikakanyaga "simama". Mfumo mkuu ukatafuta wa kumwita, hakuna mtu. Na programu iliyonaswa kwenye mtego usio na mwenyewe, Mjomba, mfumo unaiua. Breki zikabana, lifti ikaning'inia kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani alikuwemo mama mjamzito kitandani na muuguzi mmoja. Dakika arobaini. Mtoto alizaliwa humohumo, na hakulia. Amekaa mwezi mzima kwenye wodi ya uangalizi, juzi amerudi nyumbani na wanasema ananyonya vizuri.

Walichunguza, hawakuona kitu. Wasingeweza kuona. Mtego haukuwa kwenye nakala iliyohifadhiwa, ulikuwa kwenye ile iliyokuwa ikikimbia tu. Walipoiwasha upya ilisomwa safi kabisa, mtego umekufa nayo. Kwa hiyo wakatafuta mtu, na aliyekuwa karibu na swichi ya jenereta siku ile ni Panda-Shuka. Wanasema aligusa swichi isiyo yake. Amesimamishwa kazi. Kikao ni tarehe ishirini na nane.

Mimi niliombwa maelezo ya maandishi. Niliandika: "Nakala ya programu imekaguliwa na haina kitu kinachoweza kuizima ghafla." Kila neno ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo. Mjomba, naogopa. Nisiposema, hakuna atakayejua mpaka naingia kaburini. Nikisema, kazi yangu imekwisha, na yule mama atajua jina la aliyemfungia humo. Niambie nifanye nini. Mama sijamwambia.

Maswali

15 Mei

Mpwa wangu,

Leo salamu ni chache. Mama yako mzima, yuko uani, hajui naandika nini.

Uliniuliza ile saa nilianza lini kuitundika. Nilianza wiki moja baada ya mama yako kuvunjika mguu. Ulikuwa na miaka minne. Tulikuambia aliteleza ngazini, na wewe ukamkataza asipande ngazi tena, ukawa unamshika kidole. Hakuteleza ngazini.

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya usafi kwenye lile jengo, unakumbuka, ghorofa sita, vigae vya kijani. Asubuhi ile lifti ilikuwa inagoma. Nikaweka waya, nikaijaribu, ikatembea, nikajua kosa ni mlango wa ghorofa ya pili. Nikaitwa chini mara moja kusaini karatasi za vipuri. Nikasaini, nikapiga soga, nikamtania karani. Waya nilikuwa nimeuacha juu. Mama yako aliingia kinyumenyume akivuta ndoo yake, mlango wazi, na mtu wa ghorofa ya sita akaiita. Lifti ikapanda naye yuko nusu ndani. Aliangukia ukumbini, mguu ukabanwa.

Nilisikia ukelele wake. Wakati ule nilikuwa nasikia. Nilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye ngazi, yeye yuko ya pili. Nilipanda juu, Maswali. Nilikwenda kwanza chumba cha mota nikautoa waya, nikautia mfukoni, ndipo nikashuka kwake. Walipokuja wakaguzi hawakuona kitu. Wakaandika kwamba mfanyakazi wa usafi hakuwa makini, na akaachishwa kazi bila hata asante. Alisema "sawa". Miaka ishirini na sita ninaishi naye nyumba moja, namtengenezea redio, namletea dawa ya kuchua. Siku hizi simsikii akiongea, lakini kila asubuhi sakafu inaniambia anaposhuka kitandani: mguu wa kwanza, kimya, kisha wa pili.

Wanafunzi wangu wote walitundika saa zao. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, waliona ni busara ya mzee. Umeuliza wewe tu, na nikakuandikia habari za banda la kuku.

Hukunitukana, lakini ungenitukana usingekosea. Nilikuuliza kuhusu mtego kwa mafumbo kwa sababu kukuambia kwa nini nauliza kulinishinda. Ningekuandikia ukweli mwezi wa pili, ungeutoa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema. Kwangu kifo hakikuja, maradhi yangu yamekuumbua wewe.

Nenda kwenye kikao. Sema. Usisubiri mpaka yule mzee akujibu "sawa".

Mjomba

2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima. Jirani ameniachia ile kalamu ya kuazima moja kwa moja, anasema nimeitumia kuliko yeye.

Nilisema. Mwanzoni hawakuniamini, ungefikiri namtetea mzee kwa huruma. Mkuu wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Basi nikafungua kompyuta yangu mbele yao, nikaiwasha programu ileile ya lifti bila lifti yoyote, nikatega, nikamuua mkaguzi, nikaigiza umeme unarudi. Ikafa machoni pao. Nikaiwasha upya, nikawaambia tafuteni, na hawakuona kitu. Daktari mmoja akasema irudie. Nikarudia mara tatu.

Panda-Shuka amerudishwa kazini. Mimi nimesimamishwa miezi mitatu, baada ya hapo sijui. Nimemwandikia yule mama, hajajibu, na hana deni la kunijibu. Nje ya ukumbi nilimsubiri mzee nimwombe radhi. Aliniangalia, akasema, "Mimi nilikubonyezea vitufe Jumamosi mbili." Basi. Akashuka kwa ngazi. Nimelia barabarani kama mtoto, sikujali nani ananiona.

Sasa wewe. Nimekasirika, Mjomba, sitakuficha. Nimemshika mama kidole kwenye ngazi mpaka nina miaka kumi. Na bado nakupenda, na hilo nalo linanikasirisha. Jumapili nilimpigia, nikashindwa kumwuliza mguu, akaniambia, "Leo huniulizi mguu?" Nikasema mtandao mbaya. Siwezi kusema uongo mwingine, nimemaliza akiba yangu.

Nakuja tarehe ishirini. Nisikukute hujasema.

Maswali

14 Juni

Mpwa wangu Maswali,

Tuko salama wote wawili. Vifaranga wamebaki watano.

Nilisema Jumanne. Alikuwa anachambua maharage. Nilikwenda nikafungua lile kopo langu la skrubu, nikautoa waya, nikauweka mezani mbele yake. Nikavaa kifaa cha masikio, kwa sababu nilitaka kusikia atakachosema hata kiwe nini. Nikamweleza yote, kuanzia karatasi za vipuri. Hakuacha kuchambua. Nilipofika pale kwenye ngazi akaendelea yeye.

Akasema, "Nilisikia viatu vyako. Nimelala pale chini nasikia viatu kwenye ngazi, nikasema, kaka huyo, anakuja. Viatu vikapanda."

Nikamwuliza, dada, kama ulijua, kwa nini hukusema miaka yote hii?

Akasema, "Nilikuwa nasubiri ushuke."

Nililia, Maswali, mtu mzima na ndevu zangu. Yeye hakulia. Alimaliza maharage, akayaweka jikoni, kuku wakawa wameshaingia tena. Akawafukuza, akarudi mezani, akauchukua ule waya akautazama, akasema ni mfupi kuliko alivyofikiri. Akatoka nao uani.

Amefungia nao mlango wa banda. Umeshika vizuri. Njoo tarehe ishirini, anasema uje na mikono yako akupime mwenyewe.

Mjomba